Kuhamisha umiliki wa silaha kati ya mume na mke: leseni haifuati cheti cha ndoa

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nafungua uzi huu kwa sababu swali lake linaulizwa kila mara, na majibu mengi yanayotolewa yanaweza kumlaza mtu mahabusu bila yeye kuwa na nia yoyote mbaya. Mume anamiliki silaha kihalali, anataka iwe ya mke wake. Au mke ndiye mwenye leseni, anataka mumewe aichukue. Utaratibu ukoje? Jibu linalokuja haraka ni lile la "mke na mume ni kitu kimoja, mkabidhi tu". Naomba tulikatae jibu hilo leo, tena kwa sababu zinazoeleweka.

Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za familia: mirathi, hati za zawadi, mgawanyo wa mali ndoa inapovunjika. Silaha hujitokeza kwenye mafaili haya mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na kwa kawaida hujitokeza mwishoni, wakati nyumba, shamba na gari vimeshapata wenyewe. Ndipo mtu anakumbuka: "Ile bunduki ya mzee je?" Kufikia hapo imeshakaa kabatini miezi mingi mikononi mwa mtu asiye na karatasi hata moja.

Silaha ina sura mbili: kuna mali na kuna ruhusa. Mali unaweza kuizawadia, kuiuza, kuirithisha, hata mahakama inaweza kuigawa. Ruhusa hakuna anayeweza kumpa mwenzake. Hiyo hutolewa na mamlaka kwa mtu mmoja aliyechunguzwa yeye mwenyewe: umri wake, rekodi yake polisi, hali yake ya akili, sababu ya kuhitaji silaha, na mahali atakapoihifadhi. Mume akifaulu uchunguzi huo, mke hajafaulu chochote. Kwa hiyo mke anaweza kuwa mwenye mali kwa haki kabisa na bado akawa hana haki ya kuishika.

Angalieni sheria zenyewe. Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kifungu cha 4 kinakataza mtu kununua, kupata au kuwa na silaha bila cheti chake mwenyewe. Hakikutenga wanandoa. Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inakwenda njia hiyohiyo: leseni hupewa mtu, kwa silaha iliyotajwa. Uingereza, chini ya Sheria ya Silaha ya 1968 na sheria za baadaye zilizoirekebisha, silaha ikihama kutoka kwa mwenye cheti kwenda kwa mwenye cheti mwingine polisi wanatakiwa kuarifiwa ndani ya siku 7, hata kama wawili hao wanalala kitanda kimoja. Australia, tangu makubaliano ya kitaifa ya 1996 baada ya mauaji ya Port Arthur, kila silaha mtu anayoipata inahitaji kibali chake cha kuipata, juu ya leseni aliyonayo.

Basi mpangilio unaofaa karibu kila mahali huwa hivi. Anayepokea anatafuta leseni au cheti chake kwanza, kwa jina lake, kwa sababu zake. Akikwama hapo, safari imeishia hapo na silaha inabaki kwa mwenyewe. Akipata, ndipo maombi ya kuhamisha yanapelekwa, yakiwa na maelezo ya pande zote mbili: anayetoa anaandika kwamba anatoa kwa hiari na anatoa kama nini (zawadi, mauzo, au sehemu ya mgawanyo wa mali), na anayepokea anaandika kwamba anaipokea na ataihifadhi wapi. Mamlaka ikiridhia, silaha inafutwa kwenye leseni ya kwanza na kuandikwa kwenye ya pili. Karatasi inatangulia, chuma kinafuata. Kinachowaponza watu ni kugeuza mpangilio huo: mume anahamia kikazi, anamwachia mke bunduki "nitashughulikia makaratasi nikirudi", na kuanzia dakika anayotoka mlangoni, mke yuko na silaha asiyoruhusiwa kuwa nayo.

Jambo la kushika sana ni kufuta jina la kwanza. Wengi wanafurahia leseni mpya na kusahau ya zamani. Silaha ikibaki kwenye rekodi ya mume wakati imeshaandikwa kwa mke, siku ya ukaguzi mume ataambiwa aionyeshe, hatakuwa nayo, na maelezo yataanza upya. Dai barua, muhuri, au nakala ya rekodi inayoonyesha kwamba haimo tena kwako. Hiyo nakala uitunze hata miaka 20.

Najua kuna wanaotolea mfano Marekani, kwamba kule wanandoa wanapeana tu bila kuulizwa. Nusu ya habari hiyo ni kweli. Kwa sheria ya shirikisho ya 1968, watu binafsi wawili wakazi wa jimbo moja wanaweza kupeana bunduki ya kawaida bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni, mradi anayetoa hajui wala hana sababu ya kuamini kwamba anayepokea amekatazwa kumiliki. Lakini mke akiwa mkazi wa jimbo jingine, lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, ndoa iwepo isiwepo. Na majimbo yana sheria zake juu ya hiyo. Jimbo la Washington, baada ya kura ya wananchi ya 2014, linadai uchunguzi hata kwa watu binafsi, likawasamehe wanandoa ikiwa ni zawadi ya kweli au kuazimana. Mume akimuuzia mke kwa fedha, msamaha huo haumfuniki. California wanandoa hawapiti kwa muuzaji, lakini anayepokea anatakiwa kuwa na cheti cha usalama wa silaha, na taarifa ipelekwe serikalini ndani ya siku 30. Kwa hiyo hata kule kunakosifiwa kwa urahisi, kuna karatasi.

Karibuni tujadiliane. Mwenye swali aulize bila aibu.

Mchangiaji #2

Asante mkuu, uzi mzito. Ila nina pingamizi kidogo. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Kama bunduki ilinunuliwa kwa fedha ya pamoja, mke tayari ni mmiliki wa nusu. Sasa anahamishiwa nini?

Mleta uzi

Pingamizi zuri, na ndilo wanalolisema hata baadhi ya mawakili wasioshughulika na silaha. Ni kweli mke anaweza kuwa na haki katika thamani ya bunduki. Ndoa ikivunjika, thamani hiyo inaingia kwenye hesabu kama kitu kingine chochote. Haki ya thamani haimpi haki ya kuishika. Mahakama ikisema "bunduki iende kwa mke", amri hiyo inamaliza suala la mali tu. Mke bado atatakiwa kuwa na leseni kabla hajaipokea. Asipoitaka leseni au asipoipata, anachoweza kufanya ni kuagiza iuzwe kwa mtu mwenye leseni, yeye achukue fedha yake. Katika kesi za talaka nawashauri watu mapema: silaha ikabidhiwe kwa muuzaji mwenye leseni au polisi, ipewe stakabadhi yenye namba yake, ikae huko mpaka shauri liishe. Isibaki kwenye nyumba ambayo watu wawili wanagombana. Hili nalisema kwa uzito wote, maana nyumba inayovunjika ina hasira, na hasira ikikaa chumba kimoja na bastola madhara yake hayarekebishiki kwa rufaa.

Kuna nchi zinazoruhusu silaha moja kuwa na wenye ruhusa zaidi ya mmoja. Afrika Kusini, Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2000 kifungu cha 12 kinaruhusu leseni ya nyongeza kwa mtu anayeishi nyumba moja na mwenye leseni. Ujerumani kadi ya umiliki inaweza kuandikwa majina zaidi ya moja. Ukisoma kwa makini utaona sharti ni lilelile: kila jina lililomo lazima litimize vigezo lenyewe. Kwa wanandoa wanaotaka kutumia bunduki moja, pale ambapo njia hiyo ipo, mara nyingi ni bora kuliko kuhamisha, kwa sababu hakuna anayepoteza haki yake.

Mchangiaji #3

Shikamoo mleta uzi. Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikuwa na bunduki ya kuwindia, leseni ya jina lake. Iko kabatini mpaka leo. Shemeji anasema yeye aichukue kwa sababu ni mwanaume na anajua kuitumia. Sijui nifanye nini.

Mleta uzi

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa msiba.

Kwanza, usimpe shemeji. Akiwa na leseni au asiwe nayo, wewe kumpa mkononi ni kuhamisha silaha bila kibali, na aliyehamisha utakuwa wewe. Pili, usiibebe kuipeleka kituoni. Piga simu au nenda kituoni bila hiyo bunduki, beba cheti cha kifo na leseni ya marehemu kama unayo, waeleze silaha iko wapi na uombe waje kuichukua au wakuelekeze. Wakija, usikubali waondoke bila stakabadhi yenye aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi, tarehe, jina na saini ya aliyepokea. Mpaka hapo, funga kabati, ufunguo ukae nawe, na usijaribu kuangalia kama ina risasi ndani kama hujawahi kufundishwa.

Kuikabidhi polisi hakukuondolei haki ya mali. Bunduki inaingia kwenye orodha ya mali za marehemu, na msimamizi wa mirathi ndiye mwenye kauli juu yake. Ukitaka iwe yako, unaomba leseni kwa jina lako wakati silaha iko salama huko. Usipoitaka, msimamizi anaiuza kwa mtu aliyeruhusiwa na fedha inagawanywa kwa warithi. Kama shemeji naye anaitaka, aombe kibali chake kama mtu mwingine yeyote, na ainunue au apewe na msimamizi, mbele ya mamlaka.

Wenzetu wa nchi nyingine wameliona tatizo hili la wajane wakaliwekea utaratibu. Uingereza polisi wanaweza kutoa kibali cha muda chini ya kifungu cha 7 cha ile sheria ya 1968, ili mjane au msimamizi wa mirathi awe na silaha kihalali wakati akipanga ziende wapi. Ujerumani mrithi ana mwezi mmoja tangu kuipokea mirathi kuomba kuandikishwa, na tangu 2008 mrithi asiye na hitaji lake binafsi la silaha anaweza kubaki nayo kama kumbukumbu ya familia kwa sharti la kuwekewa kifungio ndani ya mtutu isiweze kufyatua. Kila mahali wanachotaka ni kuambiwa mapema. Mjane anayejitokeza mwenyewe hupokelewa tofauti kabisa na yule ambaye silaha imekutwa kwake.

Mchangiaji #4

Mimi ni fundi wa silaha. Naongezea jambo moja ambalo limekwamisha maombi mengi niliyoyaona: namba.

Namba inayotambulika ni ile iliyochongwa kwenye mwili wa bunduki, ile sehemu inayobeba mtambo wa kufyatulia. Bunduki nyingi za marisau (zile zinazorusha punje nyingi ndogo kwa mara moja) mtutu wake unatoka, na mtutu unaweza kuwa na namba nyingine kabisa, hasa kama uliwahi kubadilishwa. Watu wanasoma namba ya mtutu kwa sababu ndiyo inayoonekana vizuri, wanaijaza kwenye fomu, na leseni ya zamani ina namba ya mwili. Ofisa akilinganisha anaona bunduki mbili tofauti. Bunduki za boliti (komeo la chuma unalolivuta kwa mkono kuingiza risasi) nazo boliti huwa na namba yake.

Bunduki kuukuu namba zimejaa mafuta na kutu. Safisha kwa kitambaa, paka chaki nyeupe kisha ufute juujuu, chaki inabaki ndani ya michongo na namba inasomeka yote. Angalia sifuri isije ikawa herufi O, na moja isije ikawa herufi I. Andika namba kama ilivyo pamoja na herufi zake za mwanzo, usiache hata moja. Na kazi hii aifanye mwenye leseni mwenyewe, silaha ikiwa imetolewa risasi na chumba chake cha risasi kimeangaliwa kwa macho na kwa kidole, kabla ya kitu kingine chochote.

Mleta uzi

Fundi, umeongea jambo la maana sana. Naliunga mkono kwa herufi kubwa. Mimi huwaambia watu wapige picha ya namba hiyo ikiwa imepakwa chaki, waiambatishe kwenye maombi. Na kama mtaona leseni ya zamani ndiyo yenye kosa, msihamishe kosa hilo kwenda leseni mpya. Ombeni kwanza marekebisho kwa jina la mmiliki wa sasa akiwa hai na anaweza kueleza. Akishafariki, hakuna wa kuthibitisha kwamba ni bunduki ileile.

Nigusie na risasi, maana zinasahaulika. Ruhusa ya risasi hufuata leseni na aina ya silaha iliyomo. Mume akihamisha bunduki, zile risasi zilizobaki hazihami zenyewe. Kama mume hana silaha nyingine ya saizi hiyo, anabaki na risasi asizo na sababu nazo kisheria. Ziandikwe kwenye maombi kwa idadi, au zikabidhiwe.

Mchangiaji #5

Mkuu mimi na mke wangu wote tuna leseni, kila mtu ana yake. Tunatumia sefu moja. Kuna shida?

Mleta uzi

Inategemea leseni zenu zinaruhusu nini. Kama kila mmoja ameruhusiwa kuwa na aina ileile ya silaha, mamlaka nyingi hazina shida na sefu moja, ila ulizeni na mpate jibu kwa maandishi. Kama mke ana ruhusa ya bunduki ya marisau tu na wewe una raifo (bunduki ndefu ya risasi mojamoja), kumpa ufunguo unaofungua vyote ni kumpa raifo. Suluhisho ni sefu mbili au sefu yenye sehemu mbili zenye funguo tofauti.

Tena hili lina uhusiano mkubwa na uhamisho. Siku silaha inapohamia kwa mke, mume aliyekuwa mmiliki anageuka kuwa mtu asiye na ruhusa nayo. Namba za siri za sefu zibadilishwe siku hiyohiyo. Wanandoa wengi hili linawashinda kwa sababu linaonekana kama kutoaminiana, na mimi nalielewa. Lakini polisi wa Uingereza, kwa mfano, wanasisitiza kwamba mwenza asiye na cheti asijue hata ufunguo unakaa wapi. Marekani suala hili ni kali zaidi kwa silaha zilizo chini ya sheria ya 1934, kama vizuia sauti, raifo zenye mtutu mfupi na bunduki za rashasha. Hizo zimesajiliwa kwa jina la mtu. Mume akisafiri na mke ana namba za sefu, mke anaweza kuhesabiwa kuwa anamiliki kitu ambacho hakijasajiliwa kwake. Na kumhamishia mke kitu cha aina hiyo mume akiwa hai hakuna msamaha wa ndoa: inajazwa Fomu ya 4 na kusubiri idhini. Kodi yake ilikuwa dola 200 tangu 1934. Kuanzia 1 Januari 2026 imeshushwa kuwa sifuri kwa vizuia sauti na bunduki za mtutu mfupi, imebaki dola 200 kwa rashasha. Mke akirithi baada ya kifo anatumia Fomu ya 5, ambayo haina kodi. Ndiyo maana wengi kule huunda amana ya kisheria (chombo kinachoshika mali kwa niaba ya waliotajwa humo) yenye majina ya wote wawili, na tangu 2016 kila mhusika wa amana hiyo anatoa alama za vidole na picha.

Mchangiaji #6

Naomba nisijulikane. Kaka yangu amewekewa zuio na mahakama baada ya ugomvi na jirani, ameambiwa asimiliki silaha kwa muda. Anataka aiandikishe kwa jina la mke wake ili isitaifishwe, iendelee kukaa nyumbani. Shemeji yangu anaogopa lakini anasema hawezi kumkatalia mume. Wanaweza?

Mleta uzi

Ndugu, hili ndilo swali zito kuliko yote humu. Mwambie shemeji yako asisaini kitu chochote kwa sasa.

Mtu aliyekatazwa ana haki ya kutopoteza thamani ya mali yake, na mahali pengi anaweza kuomba iuzwe au ihamishiwe mtu mwingine. Mahakama Kuu ya Marekani ililiamua hili mwaka 2015 katika shauri la Henderson, majaji wote kwa kauli moja: mtu aliyepoteza haki ya kumiliki silaha anaweza kupanga ziende kwa mtu mwingine, ila mahakama lazima iridhike kwamba mpokeaji hatamruhusu kuzitumia wala kuelekeza matumizi yake. Hapo ndipo mpango wa kaka yako unapovunjikia. Silaha ikibaki nyumba ileile, kabati lilelile, na yeye anajua ufunguo ulipo, jina la mke kwenye karatasi halibadilishi kitu. Yeye bado anayo. Na mke sasa ameingia hatiani pamoja naye kwa kumsaidia kukwepa amri ya mahakama.

Hilo neno "hawezi kumkatalia mume" ndilo linalonisumbua zaidi. Anayeandikwa kwenye leseni ndiye atakayejibu. Silaha ikitumika vibaya, ikipotea, ikikutwa haijafungiwa, anayeitwa kwanza ni yeye. Huwezi kubeba wajibu wa namna hiyo kwa sababu umeshindwa kusema hapana. Wakati mwingine zuio lenyewe limewekwa kwa sababu ya ukatili ndani ya nyumba, na anayeambiwa aandikishe silaha ni yuleyule aliyetakiwa kulindwa. Marekani wamelifungia mlango hilo: tangu 1996 aliyetiwa hatiani kwa kosa la ukatili wa majumbani, hata liwe dogo, hawezi kumiliki silaha, na mwaka 2024 Mahakama Kuu katika shauri la Rahimi ilithibitisha kwamba aliye chini ya amri ya kumlinda mwenza wake anaweza kunyang'anywa haki hiyo kwa kipindi cha amri.

Zipo nchi zinazomuuliza mwenza kabla ya leseni kutolewa. Kanada fomu ya maombi ina sehemu ya mwenza wa sasa na yeyote wa ndani ya miaka 2 iliyopita kuweka saini. Hana kura ya turufu, lakini asiposaini mamlaka inamjulisha, na akiwa na hofu ana pa kuisemea. New Zealand polisi huzungumza na mwenza wa mwombaji. Mimi natamani utaratibu huo uwepo kila mahali, na hasa pale mwombaji ni mke anayepokea silaha ya mume: aulizwe peke yake, mume akiwa nje, kama kweli anaitaka.

Kwa kaka yako: aikabidhi kwa polisi au muuzaji mwenye leseni kwa stakabadhi, aombe ihifadhiwe mpaka muda wa zuio uishe, au iuzwe. Wakili wake apeleke maombi hayo mahakamani waziwazi.

Mchangiaji #6

Nimekuelewa mkuu. Nitampigia shemeji leo.

Mchangiaji #7

Swali fupi. Nipo Kanada, baba anataka kumpa mama bastola yake, wote wana leseni. Inawezekana?

Mleta uzi

Kwa bastola, kwa mtu wa kawaida, hapana. Tangu 21 Oktoba 2022 uhamisho wa bastola kwenda kwa watu binafsi ulisitishwa huko, na sheria ya 2023 ikaimarisha hilo, isipokuwa kwa makundi machache kama wanamichezo wa ngazi za juu. Ndoa haimo kwenye misamaha hiyo. Leseni ya mama ni halali, bastola ni halali kwa baba, lakini daraja kati yao limefungwa. Kwa bunduki ndefu ya kawaida, mama anahitaji leseni hai na uhamisho upewe namba ya uthibitisho kabla baba hajakabidhi.

Mchangiaji #8

Baba yangu ana miaka mingi sasa na kumbukumbu inapotea. Ana bastola. Mama hataki hata kuiona. Siku nyingine baba anaitafuta usiku akidhani kuna wezi. Tunaweza kuhamishia kwa mama ili aifungie?

Mleta uzi

Pole sana, na hili msilisubirishe hata wiki moja.

Uhamisho unahitaji saini ya anayeelewa anachosaini. Kama daktari anaona baba hana tena uwezo huo, saini yake kwenye hati ya zawadi inaweza kupingwa, na hati ya uwakilishi aliyompa mtu zamani haimpi mwakilishi huyo ruhusa ya kushika silaha. Inampa kauli juu ya mali tu. Tena mama haitaki. Kuomba leseni kwa ajili ya kitu usichokitaka, ili tu kikae kwenye nyumba ya mtu anayekitafuta usiku, ni kuacha hatari palepale.

Siku baba ana utulivu, kaeni naye nyinyi watoto pamoja na mama, mwambieni ukweli kwa heshima yake. Wazee wengi wakiulizwa "mzee, ungependa silaha yako aichukue nani?" wanajibu vizuri kuliko wakiambiwa "tunaichukua". Kama kuna mtoto mwenye leseni au anayestahili, mzee akimtaja, andikeni maombi haraka akiwa bado anaweza kuyaeleza mbele ya ofisa. Wakati maombi yanaendelea silaha ikakae kwa polisi au kwa muuzaji mwenye leseni. Akikataa kabisa, nendeni kituoni mama na mtoto mmoja, mkiwa na barua ya daktari, mwombe waje kuichukua. Sheria nyingi zinaipa mamlaka nguvu ya kusitisha leseni kwa sababu ya afya, na ombi kutoka kwa familia husikilizwa.

Usiku huu, kabla ya yote hayo: kama risasi zinakaa kando na bastola, mama amwambie baba amkabidhi ofisa hizo risasi kesho asubuhi. Kama hajui zilipo au kama bastola huwa inakaa na risasi ndani, msiiguse, pigeni simu kituoni sasa hivi.

Mchangiaji #8

Tumeshapiga. Wanakuja asubuhi, na kaka mkubwa analala hapa leo.

Mleta uzi

Vema sana. Wakija, mwombeni ofisa asome namba kwa sauti na kuiandika mbele ya baba, na stakabadhi iandikwe kwa jina la baba. Bado ni mali yake.